Dawa Zangu, Ufunguo Wake

Ukiona mkojo wako umebadilika rangi ukawa kama soda ya chungwa, usitishike. Shukuru Mungu, maana dawa imeingia mwilini.

Naanza na hilo kwa sababu mimi niliambiwa siku ya kwanza kabisa, nikaisubiri rangi hiyo kila asubuhi, na asubuhi nyingi haikuja. Sababu tuliijua watu wawili tu duniani, mimi na mume wangu. Kama unasoma haya nawe unakohoa, au kuna mtu unamshikia dawa zake, kaa vizuri unisikilize. Sitakueleza habari za wadudu wa kifua kikuu. Hizo utaambiwa kliniki. Mimi nitakueleza habari za boksi.

Naitwa Minza, ila mtaani kwangu Shinyanga ni Mama Kabula, au Mama Michembe wakitaka kunichokoza. Ugonjwa ulinikuta tukiishi kwenye machimbo madogo upande wa Bulyanhulu. Masanja, mume wangu, alikuwa mchimbaji, mmoja wa wale wanaojiita manaapolo, wanaoshuka mashimoni kwa kamba. Mimi nilikuwa napika wali na maharage, nawauzia wenzake. Nilianza kukohoa wakati wa mavuno ya mpunga, nikasema ni vumbi. Kila mtu kule anakohoa, nani atajishughulisha? Mpaka siku nilipoinua sufuria nikajikuta nimekaa chini, na sketi imezunguka kiunoni hadi zipu ikaja mbele. Ndipo nikapanda bodaboda kwenda kupima.

Utaratibu wa kliniki ni kwamba mgonjwa wa kifua kikuu haachiwi dawa peke yake. Anataja msimamizi, mtu wa kumwangalia akimeza kila asubuhi na kuweka tiki kwenye kadi. Muuguzi aliniuliza, "Nani atakusimamia, mama?"

Kabla sijafungua mdomo, Masanja akajibu, "Mimi."

Yule muuguzi alifurahi mpaka akamwita mwenzake. "Njoo uone mwanaume! Wengine wakisikia TB wanahama nyumba." Akaandika jina la Masanja na namba yake ya simu. Boksi la dawa akakabidhiwa yeye. Nami nilikuwa nimesimama pale pale, na mikono nilikuwa nayo.

Tulipofika nyumbani aliliweka boksi kwenye sanduku la bati, akafunga kufuli, ufunguo akauvaa shingoni kwa uzi.

Kupigwa nilikuwa nimeshakuzoea, na naona aibu kuliandika neno hilo, kuzoea. Kulikuwa na ubavu wangu mmoja ambao kila nikikohoa uliniita jina. Lakini hili la dawa lilikuwa jipya. Mboga ikizidi chumvi, leo hakuna dawa. Nikicheka na mteja, hakuna dawa. "Mpaka ujifunze adabu," anasema, anatoka na ufunguo wake kifuani. Kabla ya kutoka anachukua kalamu, anaweka tiki kwenye kadi, safi kabisa, maana kliniki walikuwa wakimsifu kwa kadi yake. Kuna asubuhi nilipiga magoti. Kabula, binti yangu, alikuwa na miaka saba, aliniona. Akaja naye akapiga magoti pembeni yangu, akidhani tunasali.

Siku ile ndiyo iliyonitoa. Nilisubiri ashuke shimoni, nikachukua mtoto na kadi. Boksi lilibaki kwenye sanduku lake.

Nilikimbilia Kahama, mtaa wa Nyahanga, kwa dada yangu Ester. Dada ananipenda, nisimsingizie. Lakini shemeji alikaa mlangoni muda wote niliokuwa ndani, na kikombe changu cha chai kilifungwa uzi mwekundu ili kisichanganywe na vingine. Nilipomwambia Ester habari ya ufunguo, aliichukua kadi, akaiangalia mbele na nyuma.

"Mayu," akaniambia, ndivyo tunavyoitana kwa Kisukuma, mama kwa mama, "mbona hapa kila siku umemeza? Mwanaume anayekuwekea tiki hivi, unamkimbia? Ugonjwa umekupanda kichwani. Rudi."

Dada yangu wa tumbo moja aliiamini kalamu. Basi nikajua hakuna atakayeniamini, na hilo likaniponza baadaye.

Jirani yake, mama mmoja muuza mitumba, ndiye aliyenishika mkono siku ya tatu akanipeleka kwa ofisa wa ustawi wa jamii. Wakanitafutia nafasi kwenye nyumba salama ya wanawake mjini Shinyanga. Nilipanda basi nimevaa barakoa, Kabula kwenye kiti cha mbele yangu ili nisimkoholee, mvua za mwisho zikipiga vioo. Kila kituo nilichungulia chini kama Masanja anapanda.

Nyumba yenyewe ilikuwa na geti la kijani lisilo na kibao. Mlezi wake tulimwita Matroni, mwanamke mfupi, mkali, mwenye sauti ya kuamsha kaburi. Akanionyesha chumba cha peke yangu chenye dirisha kubwa. "Chumba hiki ni chako kwa miezi sita. Baada ya hapo atahitaji mwingine kama wewe. Kwa hiyo una kazi mbili humu, kupona, na kujua utakula nini ukitoka."

Miezi sita. Na dozi nayo ni miezi sita. Nilicheka mwenyewe, nikakohoa mpaka nikashika ukuta.

Kesho yake nikapelekwa kliniki. Muuguzi wa pale, Sista Rehema, alinipandisha kwenye mzani: kilo thelathini na tisa. Akasoma kadi, akasoma majibu ya makohozi, akanitazama juu ya miwani.

"Kadi inasema miezi mitatu umemeza bila kukosa siku. Makohozi yanasema bado una ugonjwa kama siku ya kwanza. Nimwamini nani?"

Pale ndipo nilipokosea, ndugu msomaji, na ndiyo sababu hasa ya kuandika haya. Nilimjibu, "Nilikuwa natapika, Sista." Nilimfichia Masanja aibu. Au niliificha yangu. Ningesemaje, kwamba mimi, mtu mzima mwenye mtoto, nilikuwa naomba dawa yangu kama mtoto anavyoomba pipi?

Sista aliudhika. "Unatapika na hurudi kusema? Unacheza na roho yako, mama. Tunaanza upya, siku ya kwanza. Ukikatiza tena, usubiri dawa nyingine, za muda mrefu zaidi na kali zaidi, na utapelekwa mbali kuzimeza." Akaandika kwenye faili langu kwa herufi kubwa kwamba mimi ni mgonjwa asiyefuata maelekezo. Nilisoma kichwa chini miguu juu, lakini nilisoma.

Asubuhi iliyofuata Matroni alikuja na kikombe cha uji na boksi jipya. Nikanyoosha kiganja nipewe vidonge. Yeye akaniwekea boksi zima.

"Lako hilo. Litakaa kwako. Mimi kazi yangu ni kuangalia tu, na kukusumbua."

Nililia. Sikuwa nimelia kwa Ester wala kwenye basi, nikalia kwa boksi la karatasi. Siku chache baadaye, dawa ziliposhika, machozi nayo yalikuwa na rangi, yakachafua foronya ya Matroni, naye akanifokea nikaifue. Na chooni nilisimama nikatazama ile rangi ya soda ya chungwa, nikatoka nikamwita Kabula, "Njoo uone!" Mtoto akaja akakimbia akipiga kelele kwamba mama anatoka damu. Nyumba nzima ikacheka, hata wale ambao hawakuwa wamecheka tangu wafike.

Majuma yale ya mwanzo nililala peke yangu. Kabula alilala chumba cha Matroni, asubuhi anakuja dirishani, tunasalimiana kwa nje. Viungo viliniuma, miguu iliwaka moto kwenye nyayo, chakula kilinuka chuma. Nilihesabu miezi kwa safari za kliniki. Safari ya kwanza, kilo arobaini na moja. Safari ya pili, makohozi yamepimwa, Sista akasema, "Hayaonekani." Nikamwomba arudie. Akarudia, bila tabasamu, maana bado aliniona mtu wa ovyo. Siku hiyo Kabula alihamia kwangu, akanipiga mateke usiku kucha, na sikumwamsha.

Sasa ile kazi ya pili, utakula nini ukitoka. Pale nyumbani kila mwanamke alifundishwa cherehani. Wenzangu walishona sare za shule zikavalika. Mimi suruali yangu ya kwanza ilitoka na mguu mmoja mrefu, Matroni akauliza nimemshonea nani, kiwete wa kijiji gani. Cherehani haikunipenda na mimi sikuibembeleza. Nilimwambia, "Matroni, mimi najua viazi."

Wasukuma wanaelewa. Viazi vitamu vikivunwa, unavimenya, unavikata vipande vyembamba, unavianika juani hadi viwe vikavu vya kulia vikigongana. Hiyo ndiyo michembe. Ukivipika na karanga zilizotwangwa mwezi ambao shambani hakuna kitu, unamsahau aliyekuudhi. Bibi yangu alikuwa akivianika juu ya mwamba, na mimi mtoto nafukuza mbuzi. Matroni alisita, halafu akaninunulia gunia moja, la kuanzia. "Lakini nani atakula michembe ya mtu mwenye TB?" akauliza mwenzangu mmoja, tena si kwa ubaya. Nami usiku huo huo nilijiuliza hivyo hivyo.

Nilikuwa na gunia hilo juani, na vidonda vya kisu vidoleni, siku ya safari yangu ya tatu ya kliniki.

Wagonjwa wa kifua kikuu tunasubiri nje, barazani, hewa ipite. Kuna benchi refu la mbao, na meza ya Sista iko pale pale mlangoni. Pembeni yangu alikaa Mzee Ndaki, mstaafu wa reli, ambaye kila tukikutana alilalamika kwamba wanawe hawampigii hata simu. Tulikuwa kama saba. Mara nikasikia sauti.

"Shikamooni wazee."

Sikuhitaji kugeuka. Masanja alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, na mkononi ameshika boksi. Boksi langu la zamani, lile la kwenye sanduku.

"Marahaba, kijana," akaitikia Mzee Ndaki.

"Namtafuta mke wangu, mzee. Alitoka nyumbani akiwa mgonjwa, akasahau dawa zake. Nimemletea."

Niliambiwa baadaye ilivyokuwa. Kliniki ya kule, walipokuwa wakifunga rejista ya robo mwaka, waliona nimepokelewa Shinyanga, wakampigia msimamizi wao hodari wamwondoe wasiwasi. Walifanya kwa nia njema kabisa.

Benchi zima likayeyuka. "Jamani, mume huyo!" akasema mama mmoja. Mzee Ndaki akasogea kumpisha Masanja akae karibu yangu. "Mama, una bahati wewe. Mimi nikifa leo watajulishwa na harufu."

Nitasema kweli, kwa sababu wewe ukifika hapo usije ukajiona mjinga peke yako. Nilitaka kusimama nimfuate. Miguu ilikuwa imeshajikusanya. Mtu akikushikia pumzi yako muda mrefu, mwili unamtii hata akili ikikataa. Kisha Masanja akainama, kwa sauti ya upole, "Mama Kabula, twende nyumbani. Mtoto yuko wapi?"

Nikamkumbuka Kabula pembeni yangu, amepiga magoti. Nikashika benchi kwa mikono miwili.

"Sista," nikasema, "naomba ufungue hilo boksi."

Sista Rehema alikuwa anaandika. Akalipokea boksi bila haraka, akasoma tarehe waliyoandika kliniki ya kule. "Hizi ni za siku ishirini na nane. Mama huyu aliondoka lini?"

Masanja alifurahi kuulizwa. "Mwanzoni mwa Aprili, zikiwa zimebaki siku mbili twende kliniki. Nakumbuka kila kitu, Sista. Si ndiyo kazi ya msimamizi?"

"Ndiyo," akasema Sista. Akaanza kuzitoa pakiti moja moja, akazipanga mezani, akihesabu kwa kidole. Watu wa pale kila mmoja ana boksi kama lile. Kila mmoja anajua kwa macho siku mbili ni vidonge vingapi. Na pakiti ziliendelea kutoka.

"Siku kumi na tisa," akasema. Akaivuta kadi yangu ya zamani. "Na hapa, tangu boksi hili litolewe, kuna tiki ishirini na sita. Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu, lakini... huyu alikuwa anakataa kumeza. Ni mkaidi sana."

"Akikataa, tiki ni ya nini?"

Mzee Ndaki akakohoa, akafuta mdomo. "Au labda zilikuwa zinarudi boksini zenyewe," akasema.

Hapo ndipo niliposimama. "Sista, sikutapika. Nilikudanganya. Alikuwa anazifungia kwenye sanduku, ufunguo huo hapo shingoni kwake. Chumvi ikizidi, sipewi. Nikicheka, sipewi. Nilimpigia magoti."

Hakuna aliyeuliza nieleze zaidi. Ungekuwa mkutano wa ukoo wangeniuliza nilimkosea nini mwanaume. Lakini wale ni watu walioambiwa kila mwezi kwamba siku moja ukiruka unacheza na kaburi. Walizitazama zile siku kumi na tisa mezani wakaelewa ni nini. Yule mama aliyesema "mume huyo" alivuta barakoa mpaka machoni. Mzee Ndaki akainuka, kwa shida, na fimbo yake, akaja akakaa katikati yangu na Masanja.

Masanja akanyoosha mkono achukue boksi. Sista akaliwekea kiganja juu. "Dawa ni za mgonjwa," akasema, kisha akamwita mlinzi. Masanja aliondoka kabla mlinzi hajafika, akibamiza geti.

Sista akafungua faili langu, akayakata yale maneno ya herufi kubwa kwa mstari mmoja, akaandika mengine. Hakuniomba radhi kwa mdomo. Alinipima uzito mwenyewe, akaniuliza kama nimekula, akanipeleka dawati la jinsia la polisi kwa miguu yake. Kesi ina njia yake na sitaisimulia hapa. Sitakudanganya pia kwamba hofu iliisha. Siku yangu ya kliniki ilibadilishwa, na mpaka leo nikisikia ufunguo ukigonga kitu, nageuka kutazama mlango.

Juma lile Sista alikuja kwenye geti la kijani akataka michembe. Matroni alishaipika na karanga, bakuli kubwa, akala wa kwanza mbele ya wote akilamba vidole kwa makusudi. Sista akala wa pili. "Nimeyapima makohozi yake mimi mwenyewe," akawaambia wenzangu, "kaeni na hofu yenu, mimi naongeza bakuli." Baada ya hapo kazi ilikuwa ni kutafuta viazi tu. Malori ya pamba yalipoanza kupita mjini, makuli na madereva wakaijua michembe yangu, na gunia moja likazaa matatu.

Dada Ester alikuja mwezi wa tano wa dozi. Alikuwa amesikia. Alikaa kitandani kwangu. Nikamimina chai kwenye kikombe changu, nikanywa, nikamsogezea. Akanywa chote. Tukaishia hapo, na inatosha.

Kidonge cha mwisho nilikimeza vumbi likiwa limejaa kila mahali na mawingu hayajaanza. Kilo hamsini na mbili. Makohozi safi. Matroni aliniangalia nikimeza kama siku nyingine zote, akasema, "Haya, hama, kitanda kina mtu." Kisha akageuka haraka akidai ana mafua. Nina chumba cha kupanga karibu na soko, na kamba ya kuanikia, na Kabula shuleni. Mlango una funguo mbili, wangu na wake.

Kliniki bado nakwenda, mara moja kwa juma. Nakaa na wageni kwenye benchi, nawaambia habari za soda ya chungwa. Juzi alikuja mama mkwe mmoja na mkaza mwana wake, binti mwembamba asiyeinua uso. Sista akauliza, "Nani atakusimamia?"

"Mimi," akajibu mama mkwe.

Zamani angeandika. Sista akaweka kalamu chini. "Asante, mama. Tupishe kidogo nizungumze na mgonjwa." Akamwingiza binti ndani, akafunga mlango.

Yule mama akasimama barazani, ameshika mkoba wa binti. Akanigeukia. "Wanamuuliza nini peke yake? Mbona kwingine hawafanyi hivi?"

Nikamsogezea nafasi kwenye benchi. "Kaa, mama," nikamwambia. "Mwache ajibu mwenyewe."